Fundi wa Milingi na Rafu Yake ya Mninga

Watu wengi hunawa baada ya kazi. Fundi alinawa kabla. Alifika asubuhi karakana ikiwa bado baridi, akanawa kwa sabuni ya magadi mpaka viwikoni, akajifuta kwa kitambaa cha marekani, ndipo akaigusa mashine. Ukimwuliza kwa nini anajisumbua ilhali punde tu atakuwa ameloa oili, alikujibu bila kukutazama: "Uchafu wa mashine ni wa mashine. Wa kwangu nauacha hapa kwenye karai."

Sijui alizaliwa wapi. Wengine walisema Ujiji, wengine Tabora, na yeye hakusema kitu. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa mjini, lakini akijigonga kidole kwa nyundo alitukana Kinyamwezi. Nilimkuta mgodini, upande wa Geita, miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili. Nilikuwa karani wa stoo ya karakana, kijana mwenye cheti cha sekondari ambaye hajawahi kukaa mahali mpaka akachokwa. Pale nilikaa kuliko popote nilipowahi kukaa, na nikijiuliza sababu, naona ni yeye.

Mashine yake tuliiita milingi. Siku yangu ya kwanza alinieleza hivi: kerezo huzungusha chuma mbele ya kisu, milingi huzungusha kisu juu ya chuma. Visu vyenyewe havikufanana na kisu cha jikoni hata kidogo. Vingine vilikuwa magurudumu ya chuma yenye meno kuzunguka ukingo. Vingine vilikuwa vinene na vifupi kama kidole gumba. Vingine ni visahani vyembamba vyenye meno ya msumeno, vya kupasulia mfereji mwembamba katika chuma. Vyote tuliviita visu. Kwa visu hivyo alichonga gia za winchi iliyoshusha watu shimoni na kuwapandisha, kwa hiyo hakuna aliyemharakisha. Aliyejaribu aliambiwa, "Polepole, bwana. Hapa hatusongi ugali."

Alikuwa na pua kali kuliko mbwa wa askari. Wachimbaji waliotoka likizo walirudi na mizigo ya dagaa wa Nkome, na mtu akiingia karakana akiwa bado ananuka, Fundi alimjua kabla hajafika mlangoni. Siku moja alimnyang'anya mpiga kerezo kipimo cha kupimia unene wa chuma.

"Umekula nini?"

"Chai tu, Fundi."

"Chai yenye macho na mkia? Kanawe. Chuma kikishika mafuta ya dagaa, kesho paka wote wa kambi watakuja kuomba kazi humu."

Karakana nzima ilicheka, na mpiga kerezo alicheka pia, kwa sababu Fundi hakutania kwa chuki. Alipokasirika kweli alinyamaza, na tuliogopa ukimya wake kuliko king'ora cha ajali.

Lakini nyumbani kwake! Nilipoalikwa mara ya kwanza nilidhani nimepotea nyumba. Mlango ulining'inia kwa bawaba moja. Kitanda cha ukumbini kilikuwa na matofali mahali pa mguu. Mkewe, mwanamke mcheshi aliyekuwa akiuza vitumbua, aliniona nikiutazama mlango akasema, "Usishangae, Karani. Mlango wangu si wa mgodi. Ungekuwa na meno angeshautengeneza." Fundi alicheka akaendelea kunywa chai. Baiskeli yake, iliyokuwa nzuri, alimwazima kila aliyeomba, ikarudi bila kengele, ikarudi bila breki, wala hakuuliza. Mtu huyohuyo, ukiweka tupa juu ya tupa nyingine kwenye meza yake, alikuwa hasemi nawe mpaka jioni.

Kitu kingine kilichomshinda ni neno samahani. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akikukosea alikutengenezea kitu. Tuligombana siku moja kuhusu funguo za stoo, akanitukana mbele ya watu, na kosa lilikuwa lake. Siku mbili tatu baadaye nikaikuta taa yangu ya chemli, iliyokuwa imevunjika mpini, imewekewa mpini mpya wa shaba, umepigwa msasa mpaka unang'aa. Nilipomshukuru aliniuliza, "Taa gani?" Hivyo ndivyo ulivyopaswa kujua kwamba mambo yamekwisha.

Mwenzake wa mashine alikuwa Maganga, Msumbwa wa kule Masumbwe, mdogo wake kwa umri wa kutosha kumwamkia shikamoo. Ukoo wa Maganga ulikuwa wa wahunzi. Baba yake alifua majembe yaliyojulikana mbali, naye alikuwa na sharti moja: chuma chakavu kikiletwa, mwenye nacho lazima aseme kimetoka wapi. Asiyeweza kusema alirudi nacho. Chuma cha wizi hakikuingia kiwandani kwake, wala mtu aliyeiba chuma hakusogea karibu na mvukuto wake, hata awe nani. Maganga alisimulia mambo hayo kwa fahari, na Fundi aliyapenda. "Baba yako," alisema, "angekuwa hapa tusingehitaji askari wa getini."

Sasa nije kwenye rafu.

Visu vya milingi vilikaa ndani ya sanduku la mbao, vimelaliana. Kila ukivuta kimoja, vingine viligongana, na jino la kisu likishapigwa na jino la mwenzake, kazi imeharibika. Kisu kipya kilitoka ng'ambo kwa meli, kikaja kwa treni, kikaja kwa lori, na barabara ya masika ikikatika kiliweza kungoja huko njiani mpaka tukasahau tuliagiza kwa ajili ya kazi gani. Fundi alikuwa akilifungua sanduku lile kama mtu anayefungua kidonda.

Ndipo akaamua kuvijengea rafu. Aliichora sakafuni kwa chaki, akafuta, akachora tena. Ilikuwa ya kusimama ukutani, kimo cha kifua, vibao vyake vimeinama kidogo kwa nyuma ili kitu kisiporomoke. Visu vyenye tundu katikati vilitungikwa kwenye vijiti. Vile vinene vilisimama katika matundu yaliyotobolewa mojamoja. Vile visahani vyembamba vilisimama kwa ukingo katika nyufa alizozipasua kwenye gogo la kibao cha chini. Hakuvipanga kwa ukubwa. Alivipanga kwa kazi, vya gia za winchi karibu na mkono, vya kazi za nadra mbali. Na kwa kuwa wengi hawakusoma, alichora kwa rangi nyeupe umbo la kila kisu mahali pake. Kisu kikiwepo, rangi imefichika. Kikikosekana, umbo jeupe linakutazama.

Mbao zilikuwa za mninga, na Maganga ndiye aliyezileta kutoka kwao, juu ya lori. Alizigonga kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Fundi, hizi zina maji bado. Tuziegeshe kivulini mpaka kiangazi kiishe, ndipo tuzipige."

"Mpaka kiangazi kiishe? Bwana Injinia anakwenda likizo Ulaya. Nataka aione kabla hajaondoka."

"Ataiona akirudi."

"Akirudi! Wewe Maganga, hii ni rafu au mahari, mpaka tungoje?"

Maganga alicheka, akachukua randa. Walifanya kazi ile pamoja, na sijaona watu wawili wakifurahia kazi namna ile. Fundi alizipima mbao zile kama anavyopima chuma. Ubao ulikutana na ubao bila nafasi hata ya unywele. Chini aliijengea tumbo tupu kama sanduku, akaliziba pande zote kwa skrubu ili panya na vumbi visiingie. Bwana Injinia, Mzungu aliyesimamia karakana, alipokuja aliinama, akapitisha kidole kwenye viungo, akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Hii nzuri sana, Fundi. Nzuri sana." Fundi alitazama pembeni kama mtu aliyesikia mvua inakuja. Jioni ile Fundi aliinunulia karakana nzima vitumbua vya mkewe.

Rafu ilitusaidia kweli. Visu vilidumu. King'ora cha jioni kilipolia hakuna aliyetoka mpaka Fundi ameitupia jicho na kuona hakuna jeupe. Wageni wa mgodi waliletwa kuitazama. Kidogo kidogo Fundi akaanza kuisema rafu kama mtu asemavyo mwanawe aliyefaulu. Ukibishana naye juu ya jambo lolote, hata juu ya siku ya sikukuu, alikuonyesha kidole ukutani: "Mimi naweza kusahau. Ile haisahau."

Kilikuwa kiangazi kikali, nyasi za kambini zimekuwa majivu, tulipolikuta umbo jeupe. Kilikosekana kisahani kimoja chembamba, cha kupasulia mifereji. Maganga ndiye aliyekitumia siku ile.

"Nilikirudisha," alisema. "Nimekifuta, nikakipaka oili, nikakisimamisha pale. Fundi mwenyewe aliniona."

Tulitafuta chini ya mashine, ndani ya mapipa ya chembe za chuma, mifukoni mwetu. Hakikuonekana. Watu wakaanza utani, na utani wa mgodini una miiba. "Kishakuwa jembe hicho," alisema mmoja. "Baba yake anakifua saa hizi." Mwingine akasema, "Msimu huu Masumbwe watalimia chuma cha Ulaya." Chuma cha visu vile kilikuwa kigumu kuliko chuma chochote tulichokijua, na kila mtu alijua Maganga ametoka kwa nani. Kilichokuwa fahari yake kikawa ushahidi.

Bwana Injinia, aliyekuwa amerudi, hakutaka haraka. Aliwaita Fundi na Maganga mezani kwake, nami nikiwa pale kama karani.

"Fundi, labda kimepotea tu?"

Fundi akasema, "Nafasi iko wazi, Bwana. Rafu haisemi uongo."

"Wewe umemwona akirudisha?"

"Nimemwona akienda kwenye rafu."

"Fundi!" Maganga alimgeukia. "Kwenda ndiyo kurudisha. Nilikwenda kufanya nini pale, kusali?"

Fundi alijifuta vidole kwa kitambaa chake. Naamini hakuwa na chuki naye hata chembe. Aliombwa achague kati ya mtu na kazi ya mikono yake mwenyewe, na ile kazi hakuweza kuitilia shaka. Kesho yake Maganga alifukuzwa kazi, akafunga godoro lake akapanda lori. Habari zilitufikia kwa madereva: mzee wake amemkataza kuingia kiwandani. Analala kwao, anakula kwao, lakini mvukuto hagusi. Ndugu zake wakifua, yeye anakaa nje ya ua.

Masika yalikuja, kiangazi kikarudi. Fundi alifanya kazi na msaidizi mwingine, hakumtania. Kisha tukajengewa karakana mpya, na rafu ikabidi ihamishwe. Watu wanne waliinyanyua. Ndani ya tumbo lake kitu kikalia, ngri, kama sarafu ndani ya kopo.

"Kuna kitu kinacheza humu," alisema mmoja.

"Wekeni chini," alisema Fundi.

Alifungua skrubu mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila kumruhusu mtu kumsaidia. Kisahani kilikuwa mle, kimeota kutu kidogo ukingoni. Aligeuza kibao cha chini, akaingiza ukucha wake kati ya ubao na ubao, pale chini ya ufa wa kile kisahani. Ukucha ukapita wote. Mbao zilikuwa zimekauka, zikaachana, na kisahani kikateleza kikaenda tumboni. Mvua ziliponyesha mbao zilivimba zikafunga mdomo wake, tukakagua na kukagua tusione kitu.

"Kumbe jembe la Masumbwe hili hapa," alisema mtu nyuma yetu, na hakuna aliyecheka. Fundi alikaa sakafuni, juu ya vumbi na chembe za chuma, yeye aliyekuwa hakai hata juu ya kiti kabla hajakipangusa.

Nilimwambia, "Panda lori kesho, Fundi. Mzee bado yu hai. Mwambie."

"Nimwambie kwa mdomo gani? Mdomo huu ndio uliomfukuza mwanawe. Nataka karatasi ya ofisi yenye muhuri, iseme Maganga si mwizi. Nikifika nayo, mzee hawezi kukataa."

"Karatasi itakufuata."

"Hapana. Nataka niende na kitu kilichokamilika."

Bwana Injinia wa zamani alikuwa amekwisha kuondoka moja kwa moja. Mpya hakumjua Maganga. Ofisi ikasema itauliza makao makuu. Fundi alikwenda kuulizia kila alipopata nafasi, amevaa kanzu yake safi, akarudi mikono mitupu. Mvua zikakata barabara. Karatasi ilipopatikana, nzuri, ina muhuri wa zambarau, ilikuta habari imetangulia: mzee wa Masumbwe amezikwa.

Mimi niliondoka mwaka ule. Sikuwa na sababu ya maana, ni miguu tu. Nilifanya kazi kwenye kinu cha pamba Shinyanga, nikauza samaki, nikarudi Shinyanga. Nimewaacha watu wengi nyuma yangu bila kuwaaga vizuri, na Fundi ni mmojawao.

Miaka ilipita. Siku moja nikiwa Isaka, nasubiri treni ya Mwanza, nilisikia tupa inalia juu ya msumeno, mvuto mrefu, kituo, mvuto mrefu. Chini ya kibanda cha bati, mkabala na stesheni, pale malori ya kwenda magharibi yanapopakia mizigo, alikuwapo. Amepungua, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Alinitazama juu ya miwani. "Karani! Bado miguu inakuwasha?"

Alinipa kigogo nikae. Mkewe alikuwa mzima, alisema, yuko Tabora kwa binti yao. Nilimwuliza kwa nini yeye hayuko huko. Akaonyesha malori kwa kidevu.

"Hapa napata wasafiri wa Masumbwe."

Kisha akanisimulia, huku akiendelea kupiga tupa. Alikwenda kwa Maganga baada ya maziko. Alipokewa vizuri, mke wa Maganga akachinja kuku. Wakati wakingoja chakula aliona mlango wa jiko umelegea, akatoa bisibisi mfukoni akaanza kuukaza.

"Maganga akaniambia, 'Acha huo, Fundi. Kaa.' Nikakaa. Nikampa karatasi. Akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema, 'Mbao hukuzingojea. Karatasi ukaingojea.' Basi. Tukala. Akaniuliza habari za mvua za huku."

"Ulimwomba samahani?"

Tupa ilisimama. "Nilimwambia kilikuwa ndani ya mbao."

"Hilo nalijua, Fundi. Nauliza kama ulimwomba samahani."

Alifuta miwani muda mrefu. "Nilirudi mara ya pili kumwomba," alisema. "Nikamkuta amehamia kwa shemeji zake, ndani kabisa, ng'ambo ya mto. Hafui tena. Kiwanda kimekufa. Watu nikiwauliza wananielekeza, 'Unataka kwa Kisu?' Ndilo jina lake sasa, Karani. Hata watoto wake ni watoto wa Kisu. Wala hawamtukani. Wamezoea tu."

Lori moja lilikuwa limemaliza kupakia chumvi na vitambaa, dereva anapiga honi. Fundi alinyanyuka, akavuka barabara kwa haraka nisiyoitegemea kwa mzee kama yeye. Nikamfuata.

"Mnapita Masumbwe?" alimwuliza utingo aliyekuwa juu ya magunia.

"Tunapita, mzee. Una mzigo?"

"Sina mzigo. Mnamjua Maganga, mwana wa yule mhunzi?"

Utingo alikuna kichwa. Mwanamke aliyekaa juu ya magunia na mtoto mgongoni akamsaidia. "Anamsema Kisu."

"Aa, Kisu!" Utingo alifurahi. "Huyo tunamjua. Nimsalimie?"

Lori liliondoka. Fundi alishika ubao wa nyuma akatembea nalo, kisha akakimbia kidogo, mkono mmoja umeshikilia miwani.

"Si Kisu!" alisema. "Anaitwa Maganga! Waambieni hakuiba! Kilikuwa ndani ya mbao!"

"Nini, mzee?"

"Ndani ya mbao! Waambieni! Mwambieni namwomba..."

Injini ilipandisha gia, vumbi likainuka. Utingo aliweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa kwamba hasikii. Kisha, kwa kuwa alikuwa kijana mwenye adabu, akapunga mkono kumuaga mzee, na yule mwanamke akapunga naye.